Hatua Kumi na Tano Mbele ya Chaki

"Bado! Bado! Usiguse breki, Mwalimu! Nimesema ba..."

Niligusa. Tena sikugusa, nilikanyaga kama mtu anayeua nge. Kisha nikaona nimepunguza mno, nikaachia. Ukuta wa matairi ukanijia usoni, nikaogopa, nikakanyaga tena katikati ya kona. Breki katikati ya kona ni talaka, nyuma inaachana na mbele palepale. Tulizunguka mara tatu, tukazama mchangani, vumbi mpaka kwenye meno.

Kocha alivua kofia yake ngumu taratibu, akakung'uta mchanga sikioni.

"Wewe si unafundisha chekechea?" akauliza. "Mtoto akikataa kusikia unamfanyaje?"

"Usinianze."

"Nauliza tu. Unamfinya?"

"Nimesema usinianze!"

"Maana leo natamani nikufinye."

Nilimtupia glavu. Kifungo chake cha chuma kikampata mdomoni, kikachana. Akapangusa damu, akaiangalia, akacheka. Huyo ndiye mwanaume niliyempenda, na mimi ndivyo ninavyopenda. Asiyetaka apishe njia.

"Kwa nini unafunga breki kabla ya koni?" akauliza.

"Kwa sababu mdogo wangu alikufia hapa."

Akaacha kucheka.

Miaka mitatu nyuma, kitindamimba wetu aliingia kwenye kona hii hii, na gari hili hili, na hakutoka. Kocha wake alikuwa huyu huyu. Mbele ya chama cha madereva alisema maneno manne tu: "Nilimfundisha vibaya. Lawama yangu." Wakampa onyo la mwisho. Mwanafunzi mwingine akiumia mikononi mwake, kibali cha kufundisha kinakwenda, na hakirudi maisha yake yote.

Mimi nilimfuata ili nimchukie kwa karibu. Nikashindwa. Akipenda, chongo huita kengeza, na gari lenyewe tulikuwa tunaliita Chongo kwa sababu lilibaki na taa moja. Basi jumlisheni wenyewe.

"Njoo," akasema.

Tulitembea hadi kwenye koni yake. Kila asubuhi alikuwa anafanya jambo moja, kama mtu anayesali. Anasimama kona inapoanza, anarudi nyuma hatua mia moja akihesabu kwa sauti, anaweka koni pembeni ya lami, kisha anaizungushia duara la chaki kwenye kitako chake. Hiyo ndiyo alama. Ukifika hapo, unakanyaga. Kabla ya hapo, ole wako.

"Jicho ni mwongo," akaniambia. "Ukiwa na kasi, jicho litakupigia kelele kwamba umechelewa. Usilisikilize. Umwamini nani?"

"Koni."

"Koni imewekwa na nani?"

"Na wewe."

"Basi."

"Basi nini?"

"Basi niamini mimi. Jumamosi ukizunguka chini ya dakika mbili, unaingia mashindanoni. Jumapili naenda kwa mama yako."

"Kufanya nini?"

"Kuuza koni."

Nilimpiga begani. Halafu nikambusu pale pale palipochanika, akasema uuwii.

*

Alhamisi nilikwenda gereji kwa Kaka. Kaka yangu ni fundi, kifungua mimba wa nyumba yetu, na tangu baba afariki yeye ndiye aliyetusomesha. Chongo alilirudishia uhai kwa mikono yake. Alijua Kocha ananifundisha, uwanja wetu haukuwa na kocha mwingine, na Mama alikuwa amesema niachwe nimlilie mdogo wangu kwa namna yangu. Alichokuwa hajui ni lile lingine.

Simu yangu ilikuwa juu ya meza ya vyuma. Ikalia. Kaka ndiye aliyekuwa karibu.

Ujumbe ulisema: "Mdomo bado unauma. Njoo umalizie ulichoanza. Jumapili nakuja nyumbani kukuomba rasmi, nimeshanunua na shati."

Alisoma mara mbili. Nilimwona akibadilika rangi.

"Huyu ni nani?"

"Kaka, nipe simu."

"Nimeuliza huyu ni nani!"

"Ni Kocha. Haya, ushajua."

Kofi lilinikuta sijajiandaa. Nilipaa nikaangukia rundo la matairi. Kaka hakuwahi kunipiga tangu nizaliwe.

"Yule muuaji? Akae kwetu? Ale mezani kwetu, mimi nimpitishie chumvi?"

"Mdogo wetu aliendesha mwenyewe!"

"Nyamaza!"

"Kwa nini wewe ndiye unayemchukia kuliko hata Mama aliyemzaa? Kwa nini?"

Alichukua spana kubwa. Nikajikunja, nikajua leo ni leo. Akashusha spana juu ya simu. Mara moja, mara mbili, mara sita, mpaka meza ikabonyea na vipande vikaruka hadi kwenye nywele zangu. Kiganja chake kilichanika, damu ikachanganyika na grisi, naye wala hakuangalia.

Niliokota jeki ya mkono nikamrushia. Ilimpata gotini, akaanguka chini, tukabaki hivyo wote wawili sakafuni tunahema.

"Utaolewa na yeye mimi nikiwa nimekufa," akasema.

"Basi andaa sanda."

Mungu anisamehe, nilisema hivyo.

Ijumaa sikwenda uwanjani, shavu lilikuwa limevimba. Nilimpigia Kocha kwa simu ya Mama, nikiwa nimejibanza jikoni.

"Kesho utaingia na gia ya nne," akasema.

"Una wazimu? Mimi siku zote nafika pale na ya tatu."

"Ndiyo maana hufiki chini ya dakika mbili. Ile koni nimeipimia gia ya nne, na ukikanyaga pale utapata nafasi ya kutosha kupunguza. Umenisikia? Nne, halafu koni."

"Nne, halafu koni."

"Sauti yako ina nini?"

"Mafua."

"Mwalimu."

"Mafua, nimesema. Kesho."

Mama alikuwa mlangoni ameshika ungo.

"Ulikuwa unaongea na nani?"

"Mwalimu mwenzangu."

"Huyo mwalimu mwenzako ana sauti nzito," akasema, akaenda zake.

*

Jumamosi kila dereva alizunguka peke yake, saa ikimhesabia. Kocha aliamka kabla ya wote, akapima hatua zake mia moja, akaweka koni, akachora chaki. Kisha akaja kunifunga mikanda, na hapo ndipo alipoliona shavu langu.

"Nani?"

"Baadaye."

"Nani, Mwalimu?"

"Nimesema baadaye! Unataka niendeshe au nilie?"

Akavuta mkanda mpaka mbavu zikasogea. "Endesha," akasema.

Kaka alikuwa upande wa pili wa uwanja akifuta mikono kwa tambara. Hakunipungia. Nami sikumpungia.

Mzunguko wa kwanza wa kupasha moto ulikwenda taratibu. Wa pili ndio wa saa. Chongo aliimba siku hiyo, jamani. Kona ya kwanza safi, ya pili safi, nikaingia kwenye kipande kirefu kilichonyooka, gia ya tatu, injini inapiga kelele. Nikaingiza nne. Sijawahi kufika pale na kasi ile.

Jicho langu likasema: sasa!

Koni bado ilikuwa mbele.

Jicho likasema: sasa, mama wee, sasa!

Nikajiambia jicho ni mwongo. Nikasubiri koni. Nikafika kwenye koni, nikakanyaga kwa mguu wangu wote, na nikajua palepale kwamba kwa mara ya kwanza jicho lilikuwa limesema kweli.

Mchanga haukunishika hata kidogo. Chongo aliruka juu yake, akaupiga ukuta wa matairi kwa ubavu, akapinduka. Nilisikia mkono wangu wa kushoto ukivunjika, sauti kavu ya kijiti. Kioo kikamwagika. Mbingu ikawa chini, lami ikawa juu, kisha tena, kisha tena. Mwisho nilikuwa nimening'inia kwenye mikanda kichwa chini, petroli inadondoka karibu na sikio langu, na damu yangu inatiririka kwenda nyweleni.

Mtu alikuwa anavunja mlango kwa mateke. Alikuwa Kocha. Alikata mkanda kwa kisu, na mikono yake ilikuwa inachuruzika damu kwa vioo.

"Niliamini koni," nikamwambia.

Akalia kama mtoto. Tulipofika hatua ishirini hivi kutoka pale, Chongo akawaka moto.

*

Nilizinduka hospitalini. Mkono kwenye plasta hadi begani, mbavu mbili zimevunjika, nyuzi kumi na moja kwenye paji. Mama alikuwa kwenye kiti pembeni. Mlango ulikuwa wazi, na kule koridoni kulikuwa na vurugu.

"Umeshaua mmoja!" Ilikuwa sauti ya Kaka. "Mmoja hakukutosha?"

Nikasikia mwili ukigongwa ukutani. Ukagongwa tena. Manesi wakapiga kelele. Nilivuta dripu, nikashuka kitandani nimeshika ukuta, Mama ananivuta gauni nisiende. Nilikwenda.

Kaka alikuwa amemkaba Kocha koo, anampiga ngumi za uso kwa mkono mwingine. Jicho moja la Kocha lilikuwa limeshafunga. Mikono yake ilining'inia tu. Hakuwa anajikinga.

"Mrudishie!" nikapiga kelele. "Kocha, mpige!"

"Koni niliweka mimi," akasema huku damu inamtoka puani. "Lawama yangu. Kibali nimeshawapa."

Maneno yale yale ya miaka mitatu iliyopita. Kaka alimwachia, akanigeukia mimi, machozi yanamtiririka.

"Na wewe! Nani alikutuma uingie na gia ya nne? Nimesikia injini kutoka kule nilikokuwa! Siku zote unaingia na ya tatu! Ungeingia na ya tatu ungeishia mchangani tu, usingeumia hata ukucha!"

Nilisikia tone la damu yangu likianguka sakafuni kutoka pale nilipochomoa dripu.

"Mchangani?" nikasema.

"Eeh, mchangani, ungekwama, ungeshindwa, yangeisha!"

"Kaka. Mimi na gia ya tatu, pale kwenye ile koni, huwa nasimama na nafasi inabaki. Sijawahi kwenda mchangani kwa kuchelewa breki, hata siku moja. Naenda kwa kuwahi. Muulize yeyote." Nikavuta pumzi, mbavu zikanichoma. "Wa gia ya tatu anaishia mchangani kama koni imesogezwa mbele. Wewe umejuaje?"

Alikificha kiganja chake kilichochanika nyuma ya mgongo.

"Umejuaje, Kaka?"

"Nilitaka ushindwe tu," akasema kwa sauti ndogo. "Hatua kumi na tano. Nilihesabu vizuri. Kwa gia ya tatu, mchangani. Chama kingemfukuza, wewe ungemwacha. Hatua kumi na tano tu."

Nilimpiga na plasta. Mkono uliovunjika, nikauinua wote pamoja na hogo lake la plasta nikampiga nalo usoni. Pua yake ikapasuka, nami nikaona nyota za mchana, nikapiga magoti kwa maumivu. Hakuna aliyenigombeza, hata manesi.

Kocha aliinama kuniinua. Na hapo ndipo nilipouona uso wake. Hakuwa ameshangaa.

"Ulijua," nikamwambia.

Akaendelea kuniinua.

"Ulijua!"

"Baada ya ajali nilikuta duara la chaki tupu," akasema. "Koni ilikuwa mbele, ina kiganja cha grisi na damu. Nilikifuta."

"Ulifuta?"

"Ni kaka yako, Mwalimu."

Mama alikuwa amekuja nyuma yetu. Miaka mitatu hakuwa amemsalimia Kocha, hata wakikutana dukani. Siku hiyo alimsogelea, akamshika kidevu, akaugeuza ule uso uliovimba umtazame.

"Baba," akamwambia, "na yule mtoto wangu wa mwisho, ulifuta nini?"

Kocha akatikisa kichwa. "Mama, mambo yale..."

"Pedi za breki," Kaka akasema kutoka sakafuni. "Mama, nilimfungia pedi zilizokwisha. Alinisihi nibadilishe. Nikamwambia zitafika jioni, asinisumbue, nina kazi za watu. Kocha alizikuta kwenye mabaki ya gari. Akaniletea mkononi. Hakusema neno. Kila nikimwona huyu mtu naona zile pedi. Ningekaa naye meza moja vipi? Nimwite shemeji vipi?"

Mama alikaa chini palepale kwenye sakafu ya hospitali, kanga ikamwanguka mabegani.

"Kwa nini hukusema?" akamuuliza Kocha.

"Ulikuwa unamzika mmoja, Mama. Sikutaka uwazike wawili."

Manesi walilia. Mimi sikulia, mimi nilichemka.

"Mmemsikia?" nikasema. "Mzuri, eh? Mtakatifu! Ungesema kweli miaka mitatu iliyopita, leo Kaka asingekuwa na siri ya kuilinda mpaka anipeleke kaburini! Uliniambia nikuamini. Nikaacha kuamini jicho langu mwenyewe, nikakuamini wewe, na wewe ulikuwa unamfunika aliyemuua mdogo wetu! Ungeniacha niolewe nawe bila kujua, nimlilie mdogo wangu kifuani kwako na wewe unanibembeleza na uongo?"

"Mwalimu..."

"Toka."

"Nisikilize."

"Tokeni wote wawili! Nesi, nitolee hawa wanaume!"

Walitoka, mmoja ameshika pua, mwingine ameshika ukuta.

*

Siku nne sikupokea simu ya Kocha. Mama alikuwa ananiletea simu yake kitandani, naisukuma. Siku ya tano ukaja ujumbe:

"Leo nimekwenda kwenye chama. Nimesema yote, ya leo na ya zamani. Nimesema na mimi nilidanganya na nilifuta alama. Kibali wamekizuia mwaka mzima kwa uongo wangu, nimekubali. Kaka yako alikuwa amenitangulia, nilimkuta mlangoni ameshasema. Sasa amekwenda polisi kwa miguu yake. Sikuombi kitu. Nilitaka tu usikie kweli kutoka kwangu, kabla ya kuisikia kwa mtu."

Nilisoma mpaka skrini ikazima. Kisha nikaandika kwa kidole kimoja:

"Shati ulilonunua ni la rangi gani?"

Jibu lilichukua dakika tatu. Nadhani alikuwa anatafuta kiti.

"La buluu. Limekaa kabatini."

"Likae. Mkono wangu bado haujapona, na mimi bado sijamaliza kukukasirikia. Nikimaliza nitakuita."

Nilimaliza baada ya miezi saba.

Alikuja Jumapili na shati lake la buluu, mikunjo ya dukani bado inaonekana. Mama alimkaribisha sebuleni, akamwita baba, akampa kiti kizuri. Kaka naye alikuwepo. Mahakama ilimpa kifungo cha nje, gereji aliifunga mwenyewe, na kila asubuhi alikuwa anafagia barabara kama walivyomwamuru. Nilikuwa nakaa naye nyumba moja na sikuwa nimemsamehe. Nilikuwa nampitishia chumvi, lakini simwangalii.

Kocha alisema maneno yake, kwamba ananiomba. Mama akamgeukia Kaka.

"Wewe ndiye mkubwa hapa. Jibu."

"Mama, mimi sina mdomo wa kumjibu huyu."

"Unao. Uliutumia vibaya. Utumie vizuri."

Pua ya Kaka ilikuwa imepona ikiwa imepinda upande, kazi ya plasta yangu. Akainuka, akaenda mbele ya Kocha, akampa mkono. Akaanza kusema kama kaka wote wanavyosema siku hiyo, kwa mazoea tu, bila kufikiri:

"Mchukue. Lakini nikuambie kabisa, shemeji, siku utakapomuumiza dada yangu..."

Akasikia alichokuwa anasema. Akainamisha kichwa bila kuuachia mkono wa Kocha, na mabega yake yakaanza kutikisika.

Kocha alikuwa ananiangalia mimi. Mama naye alikuwa ananiangalia mimi.

Niliinuka, nikaenda nikaweka mkono wangu wa kushoto, ule wenye kovu, juu ya mikono yao miwili.

"Malizia, Kaka," nikamwambia. "Nataka nikusikie ukimtisha."